Je, Wajua? Binti, Raketi na Kinyoya: Safari ya Mchezaji wa Kulipwa wa Badminton

Mwanamke anayecheza badminton ya mmoja mmoja huingia uwanjani peke yake. Hana mwenzake wa kumfunika akichoka, wala wa kulaumiwa akishindwa. Wengi wetu tunamjua kwenye runinga tu, wakati wa Olimpiki, kisha tunamsahau miaka minne. Leo tumekusanya mambo kuhusu kazi yake, kutoka uzito wa kinyoya hadi namna anavyolipwa. Tumewaandikia wasomaji wote, lakini tumewakumbuka hasa walimu wa michezo na wazazi wa Meru na Embu wenye mabinti wepesi wa miguu. Ukifika mwisho utaona kwamba mwanzo wa safari hii hauhitaji mengi ambayo hatuna.

UWANJA NA KINYOYA

1. Je, wajua kwamba uwanja wa mmoja mmoja una urefu wa mita 13.40 na upana wa mita 5.18? Wavu una kimo cha mita 1.55 kwenye nguzo na mita 1.524 katikati. Kila mchezaji hulinda mita 6.70 tu kutoka wavuni hadi mstari wa nyuma. Eneo ni dogo, lakini kuna pembe nne za kufikia, tena na tena, kabla kinyoya hakijagusa sakafu.

2. Je, wajua kwamba kinyoya cha mashindano huwa na manyoya 16 ya bata au ya bata bukini? Huchomekwa kwenye kizibo kilichovikwa ngozi laini. Uzito wake wote ni kati ya gramu 4.74 na 5.50. Mafundi huchagua manyoya ya bawa la upande mmoja ili kinyoya kizunguke sawasawa hewani.

3. Je, wajua kasi kubwa zaidi ya pigo la kushindilia la mwanamke iliyowahi kurekodiwa? Ni kilomita 438 kwa saa. Iliwekwa mwaka 2023 na Pearly Tan wa Malaysia, ambaye hucheza wawili wawili. Hata hivyo kinyoya hupoteza kasi hiyo upesi kwa sababu manyoya hukinzana na hewa. Ndiyo maana katika mchezo wa mmoja mmoja nguvu pekee haitoshi. Anayeshinda ni yule anayejua kumpeleka mpinzani wake asikotaka kwenda.

4. Je, wajua kwamba kinyoya kile kile huruka mbali zaidi Meru kuliko pwani, joto likiwa sawa? Mji wa Embu uko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Meru takriban mita 1,500. Kwa kipimo sanifu, hewa ya mita 1,500 ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ile ya ufukweni. Hewa nyepesi hukizuia kinyoya kidogo, kwa hiyo mpigo ambao ungetua ndani ya mstari kule chini hutoka nje huku juu. Joto nalo huipunguza hewa uzito, ndiyo sababu adhuhuri yenye jua kali na asubuhi yenye ukungu wa Mlima Kenya hazichezeki sawa.

5. Je, wajua kwamba watengenezaji wamelifikiria jambo hilo? Kwenye mkebe wa vinyoya huwa kuna namba ya kasi. Baadhi hutumia 75 hadi 79, wengine 1 hadi 5. Namba ndogo ni ya kinyoya cha polepole, kinachofaa nyanda za juu na mahali penye joto. Namba kubwa ni ya kinyoya cha kasi, kwa mahali pa chini na penye baridi. Mwalimu wa Nkubu au Runyenjes anayenunua mkebe bila kuitazama namba huenda akawalaumu wanafunzi kwa kosa la kinyoya.

6. Je, wajua namna ya kukipima kinyoya bila mashine? Simama kwenye mstari wa nyuma, ukipige kwa nguvu zako zote kutoka chini kwenda juu, sambamba na mstari wa pembeni. Kinyoya chenye kasi sahihi hutua kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikipita hapo, ni cha kasi mno kwa eneo lako. Sheria za mchezo zenyewe zinakubali kinyoya kirekebishwe pale ambapo mwinuko au hali ya hewa inakifanya kile cha kawaida kisifae. Wachezaji wengi hukunja ncha za manyoya kuelekea nje ili kukipunguza mwendo.

SHERIA ZILIZOMBADILISHIA MWANAMKE MAMBO

7. Je, wajua kwamba wanawake wamekuwa wakishindania taji la mmoja mmoja la mashindano ya badminton ya All England tangu mwaka 1900? Bingwa wa kwanza alikuwa Ethel Thomson wa Uingereza. Alilitwaa mara 5. Baadaye, akiitwa Ethel Larcombe baada ya kuolewa, alishinda pia tenisi ya Wimbledon mwaka 1912.

8. Je, wajua kwamba kwa miongo mingi mwanamke alihesabiwa kuwa hawezi kucheza muda mrefu kama mwanamume? Seti ya mmoja mmoja ya wanaume ilikwenda hadi alama 15, ya wanawake ikakatwa kwenye 11. Mwaka 2006 ndipo shirikisho la badminton la dunia lilipoweka alama 21 kwa wote, na kila mpokezano ukawa na alama bila kujali nani ameanzisha. Wanawake walilijibu swali la pumzi zao uwanjani, kama utakavyoona hapo chini kwenye namba 14.

9. Je, wajua kwamba mwaka 2011 shirikisho hilo lilitaka kuwalazimisha wanawake kuvaa sketi au gauni kwenye mashindano makubwa? Wachezaji na mashabiki walipinga vikali. Mwaka 2012 mpango huo ukatupwa. Leo mchezaji huchagua mwenyewe sketi au kaptura.

10. Je, wajua kwamba katika Ziara ya Dunia ya badminton bingwa wa kike na wa kiume wa mmoja mmoja hupata fungu sawa? Katika mengi ya mashindano yake makubwa, kila mmoja huchukua asilimia 7 ya zawadi yote. Kwa fungu hilo, mashindano yakiwa na dola 1,000,000, kila mmoja hurudi nyumbani na dola 70,000. Michezo mingi mikubwa zaidi bado haijafika hapo.

NGAZI ZA KAZI HII

11. Je, wajua kwamba kazi ya mchezaji wa kulipwa huanza kwenye kumbi ndogo zisizo na kamera? Chini kabisa kuna mashindano ya Future Series, juu yake International Series, kisha International Challenge. Baada ya hapo ndipo panaanza Ziara ya Dunia, yenye ngazi za Super 100, 300, 500, 750 na 1000. Kila ngazi ina alama zake za ubora, na bila alama mlango wa ngazi ya juu haufunguki.

12. Je, wajua jinsi orodha ya ubora duniani inavyotengenezwa? Huchukuliwa matokeo 10 bora ya mchezaji katika wiki 52 zilizopita. Alama za mwaka jana huyeyuka wiki hadi wiki. Mchezaji aliyekosa nauli miezi michache anashuka hata kama hajapoteza mchezo wowote. Kwa mabinti wa Afrika Mashariki, tiketi ya ndege huwa mpinzani mgumu kuliko yule aliye ng'ambo ya wavu.

13. Je, wajua kwamba bingwa wa dunia hapewi pesa ya zawadi na shirikisho? Mashindano ya Dunia hutoa nishani na alama za ubora tu. Riziki hutoka kwenye ziara, kwa wafadhili wa raketi na viatu, kwa ligi za klabu, na kwa serikali zinazowatuza mabingwa wao.

14. Je, wajua kwamba fainali ya wanawake ya Mashindano ya Dunia ya 2017, jijini Glasgow, ilichukua dakika 110? Nozomi Okuhara wa Japani alimshinda P. V. Sindhu wa India kwa 21-19, 20-22, 22-20. Mpokezano mmoja tu katika fainali hiyo ulikuwa na mipigo 73 kabla ya kinyoya kuanguka. Miaka miwili baadaye, Basel, wawili hao wakakutana tena fainali. Safari hii Sindhu alishinda 21-7, 21-7.

15. Je, wajua kwamba mchezaji anapofika alama 11 seti husimamishwa kwa sekunde 60, na kati ya seti hupewa sekunde 120? Katika muda huo kocha huruhusiwa kusogea na kuzungumza. Alama zikilingana 20-20, lazima mmoja aongoze kwa alama mbili, lakini zikifika 29-29 anayepata ya 30 ndiye mshindi.

16. Je, wajua kwamba goti ndilo linalolipa deni la mchezo huu? Mchezaji hupiga hatua ndefu za kurukia mbele mamia ya mara katika pambano moja, akitua kwa mguu ule ule wa upande wa raketi. Carolina Marín wa Uhispania alishinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016, akiwa mwanamke wa kwanza kutoka nje ya Asia kuitwaa. Mwaka 2019 kano ya goti lake la kulia ilikatika. Mwaka 2021 ikawa zamu ya goti la kushoto, akaikosa Olimpiki ya Tokyo. Akarudi tena. Mjini Paris mwaka 2024, katika nusu fainali, alikuwa ameshinda seti ya kwanza 21-14 na anaongoza ya pili goti la kulia lilipomwangusha. Mpinzani wake, He Bingjiao wa China, alipanda jukwaani kupokea nishani ya fedha akiwa ameshika mkononi beji ya Uhispania kwa heshima yake.

17. Je, wajua kwamba umri una nafasi zaidi ya tunavyodhani? Mia Audina alishinda fedha ya Olimpiki kwa Indonesia mwaka 1996 akiwa na miaka 16, kisha fedha nyingine kwa Uholanzi mwaka 2004. Zhang Ning wa China alitwaa dhahabu mwaka 2004, akaitetea mwaka 2008 akiwa na miaka 33.

WALIKOTOKA MABINGWA

18. Je, wajua kwamba bingwa wa dunia wa mwaka 2013 alikulia katika kiwanda cha vitamutamu? Wazazi wa Ratchanok Intanon walikuwa vibarua wa kiwanda hicho, Bangkok, nchini Thailand. Mtoto alikuwa akikimbia huku na huko karibu na masufuria ya moto. Mwenye kiwanda, aliyekuwa pia mpenzi wa badminton, aliogopa ataungua, akampeleka uwanjani acheze. Akiwa na miaka 18 akawa bingwa wa dunia, mdogo kuliko wote waliomtangulia katika mchezo wa mmoja mmoja. Sasa fikiria viwanda vya chai vya Mungania na Rukuriri kule Embu, au Imenti, Githongo na Michimikuru kule Meru. Kuna watoto wangapi wanaowangoja wazazi wao watoke zamu? Thailand haikumpata Ratchanok kwa bahati tu. Mtu mzima mmoja alikuwa na uwanja, akamfungulia mtoto wa kibarua.

19. Je, wajua kwamba kocha mmoja aliweka nyumba yake rehani ili kujenga ukumbi? Ni Pullela Gopichand wa India, bingwa wa All England wa mwaka 2001. Chuo chake cha Hyderabad kilifunguliwa mwaka 2008. Saina Nehwal aliyefundishwa naye alipata shaba ya Olimpiki mwaka 2012, na Sindhu akapata fedha mwaka 2016. Ukumbi mmoja, nishani mbili za Olimpiki ndani ya miaka minane.

20. Je, wajua kwamba dhahabu ya kwanza kabisa ya Indonesia katika Olimpiki ililetwa na mwanamke? Ni Susi Susanti, Barcelona, tarehe 4 Agosti 1992, mwaka ambao badminton iliingia rasmi kwenye Olimpiki. Siku hiyo hiyo Alan Budikusuma alishinda dhahabu ya wanaume. Baadaye wakaoana.

21. Je, wajua kwamba bingwa anaweza kushinda dhahabu na bado akawa na malalamiko ya haki? An Se-young wa Korea Kusini alitwaa dhahabu ya Paris mwaka 2024. Muda mfupi baadaye alisema waziwazi kwamba shirikisho la nchi yake halikulishughulikia jeraha lake ipasavyo. Wizara ya michezo ikaanzisha uchunguzi. Kumtunza mchezaji ni sehemu ya kumfundisha, na mchezaji ana haki ya kulisema hilo.

AFRIKA NA JIRANI ZETU

22. Je, wajua kwamba shirikisho la badminton la Afrika lilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1977, Kenya ikiwa miongoni mwa waanzilishi? Mchezo huu uliingia kwenye Michezo ya Afrika mwaka 2003, mjini Abuja.

23. Je, wajua kwamba badminton imewahi kubeba bendera ya taifa zima la Afrika? Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016, aliyeibeba bendera ya Mauritius alikuwa Kate Foo Kune, mchezaji wa mmoja mmoja. Dada yake Karen alikuwa ametangulia, akicheza Olimpiki za 2008 na 2012. Kisiwa chenye watu wachache kuliko Meru na Embu zikijumlishwa kimetoa wachezaji wawili wa Olimpiki kutoka nyumba moja.

24. Je, wajua kwamba maisha baada ya raketi yanaweza kuwa marefu na yenye manufaa? Hadia Hosny wa Misri alicheza Olimpiki tatu: 2008, 2012 na ile ya Tokyo. Katikati ya safari hiyo aliendelea na masomo ya juu ya famasia, na mwaka 2021 akaingia bungeni. Mzazi anayeogopa kwamba mchezo utamnyang'anya binti yake vitabu ana mfano wa kumtuliza moyo.

25. Je, wajua kwamba binti wa Uganda amesimama wavu mmoja na Sindhu? Ni Husina Kobugabe, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, mwaka 2022. Sindhu alishinda 21-10, 21-9, kisha akaendelea hadi dhahabu. Usiyadharau matokeo hayo. Kobugabe alitoka Afrika Mashariki, akafika hatua ya wachezaji 16 bora, akapokonya alama 19 mikononi mwa bingwa wa dunia wa mwaka 2019.

26. Je, wajua kwamba badminton ya watu wenye ulemavu iliingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo, mwaka 2021? Kampala imekuwa ikiandaa mashindano ya kimataifa ya mchezo huo, na wachezaji kutoka mabara mengine husafiri hadi Uganda kutafuta alama za ubora. Mashindano hayo yako mwendo wa basi tu kutoka kwetu.

27. Je, wajua kwamba Mkenya mwenye raketi ameshafika kilele cha vijana duniani? Katika tenisi, mwaka 2022, Angella Okutoyi alishinda taji la wasichana la wawili wawili la Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam kabla yake. Kilichowezekana kwa raketi ya tenisi hakina sababu ya kushindikana kwa raketi nyepesi zaidi.

MERU NA EMBU: TUANZIE WAPI?

28. Je, wajua kwamba badminton imo kwenye michezo ya shule za sekondari za Kenya? Timu hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha eneo, kisha taifa, na washindi huenda kwenye michezo ya shule za Afrika Mashariki. Meru na Embu zote ziko eneo la Mashariki, kwa hiyo mabinti wa kaunti hizi mbili hukutana kabla ya kufika taifani. Na baada ya sekondari, vyuo vikuu viko jirani: Embu, Chuka, Meru na Methodist.

29. Je, wajua kwamba ukosefu wa ukumbi si sababu ya kutoanza? Mwaka 2019 shirikisho la dunia lilizindua AirBadminton, mchezo wa nje unaotumia kinyoya maalumu kinachostahimili upepo mwepesi. Unachezwa kwenye nyasi, mchanga au sakafu ngumu. Uwanja wa wawili au watatu kwa upande ni mita 16 kwa 6, wa mmoja mmoja ni mita 16 kwa 5. Uwanja wa shule wowote wenye ardhi sawa unatosha.

30. Je, wajua kwamba mwalimu anaweza kujifunza kufundisha mchezo huu bure? Shirikisho la dunia lina mpango uitwao Shuttle Time, ulioanza mwaka 2012, wenye vitabu na video za masomo kwa ajili ya shule. Hauhitaji mwalimu awe amewahi kucheza.

31. Je, wajua kwamba vinyoya vya nailoni ni rahisi kununua na hudumu muda mrefu kuliko vya manyoya halisi? Havishuki kwa mwinamo ule ule, lakini kwa mtoto anayejifunza kukutanisha raketi na kinyoya vinatosha kabisa. Vya manyoya vihifadhiwe kwa wale wanaokaribia mashindano ya eneo.

32. Je, wajua kwamba hata binti ambaye hatakuwa bingwa anafaidika? Utafiti wa muda mrefu wa jiji la Copenhagen, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia maelfu ya watu na kulinganisha urefu wa maisha yao. Waliocheza badminton waliishi wastani wa miaka 6.2 zaidi ya wale wasiofanya mazoezi.

33. Na mwisho, je, wajua kwamba vingi kati ya vitu vinavyohitajika tayari viko hapa? Kuna kumbi za makanisa na za shule ambazo hukaa zimefungwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Kuna hewa nyepesi ya mlimani, inayomlazimisha mchezaji ajifunze kuumudu mpigo wake mapema. Kuna mabinti wanaopanda na kushuka milima kila siku kwenda shuleni, na hatua zao tayari ni imara. Kinachokosekana ni wavu, mkebe wa vinyoya vya namba sahihi, na mtu mzima aliye tayari kukaa nao saa mbili baada ya masomo. Basi ombi letu ni la wazi. Mzee wa kanisa, toa ufunguo wa ukumbi siku mbili kwa wiki. Mheshimiwa wa wadi, unapopanga bajeti ya michezo ya vijana, usiishie kwenye mipira na jezi za kandanda. Andika pia nyavu na raketi. Mwalimu, pima kinyoya chako leo kwa njia ya namba 6. Na wewe mzazi, binti akikwambia anataka kubaki shuleni kufanya mazoezi, mruhusu, kisha nenda ukamtazame akicheza.